Boor si mshamba: Kiingereza kinavyowaita wenye mikono mizito, wapumbavu na wasio na adabu

Tafuta clumsy kwenye kamusi ya Kiingereza na Kiswahili, kisha oaf, kisha boor, kisha moron. Mara nyingi utarudishiwa maneno yale yale: mjinga, mshamba, mzembe. Tafsiri nyingi huharibikia hapo. Aliyeangusha kikombe anageuzwa mpumbavu. Mlevi aliyemkatiza mama mtu mzima maneno anageuzwa mtu wa kijijini. Na neno ambalo miaka mia iliyopita liliamua kama binti ataruhusiwa kuzaa au la, linapita kama utani wa kijiweni.

Kabla ya kuchagua neno, uliza kasoro iko wapi. Iko mkononi, kichwani au kwenye adabu? Kiingereza huzitenga hizo tatu kwa uangalifu kuliko kamusi zetu zinavyoonyesha. Clumsy ni habari ya mikono na miguu. Foolish ni ya kichwa. Boorish ni ya adabu. Profesa aliyebobea anaweza kuwa clumsy, mtoto wa mfalme anaweza kuwa boor, na mtu mpole aliyelelewa vizuri anaweza kuwa fool.

Chukua sinia lenye glasi sita. Mhudumu akiangusha glasi kwa sababu macho yalikuwa kwenye simu, huyo ni careless, na hapo "mzembe" ni neno la haki. Akiangusha kwa sababu kiwiko kiligonga jagi alipokuwa akifikia sukari, huyo ni clumsy. Akiweka sinia zima juu ya stuli yenye miguu mitatu huku wa nne ukionekana umevunjika, amefanya jambo foolish. Akimmwagia mgeni chai mapajani, akacheka na kuendelea na safari yake, huyo ni boor. Glasi ni zile zile na sakafu ni ile ile, lakini hukumu ni nne tofauti. Mfasiri anayewaita wote "wazembe" amewaonea wawili kati yao, na wa nne amempunguzia hukumu.

Kuhusu clumsy nina neno zaidi, kwa sababu ndilo linalodhulumiwa kuliko yote. Asili yake ni baridi. Katika Kiingereza cha kati, cha miaka mia kadhaa iliyopita, kulikuwa na kitenzi cha kusema mtu ameganda kwa baridi, viungo vimekufa ganzi. Mtu anatoka nje kwenye theluji, vidole havina hisia, anajaribu kufungua fundo la kamba na kamba inamshinda. Huyo ndiye clumsy wa kwanza. Hakuwa mvivu wala hakuwa na dharau, alikuwa anahangaika. Hata leo neno limebaki na upole huo. Mtu clumsy anaweza kuwa ndiye anayejali kuliko wote mezani, na bado glasi ikamponyoka. Uzembe ni kutojali, kwa hiyo "mzembe" hapo ni kumsingizia.

Kiswahili hupenda kulisema jambo hili kwa kitenzi kuliko kwa sifa, na tafsiri nzuri hufuata njia hiyo. "She's so clumsy" itasikika vizuri kama "vitu havimkai mkononi" au "kila anachoshika kinamponyoka". Ikiwa ni miguu: "anajikwaa hata pasipo na kisiki". Kiingereza huhamisha neno hilohilo kwenda kwenye maneno na maandishi, na hapo mikono huachwa kabisa. Clumsy sentence ni sentensi iliyokaa vibaya, inayomkwamisha msomaji. Clumsy apology ni kuomba radhi kwa kubabaika hadi ukazidisha kosa.

Jirani yake ni awkward, ambalo limetoka kwenye neno la watu wa Skandinavia lenye maana ya kitu kilichogeuzwa upande usio wake. Ukilikumbuka hilo, matumizi yake yote yanaeleweka: kitu hakikukaa kilivyotakiwa kukaa. Awkward silence ni kimya kinachomfanya kila mtu asijue atazame wapi. Awkward customer si mteja mwenye mikono mizito, ni mteja msumbufu. Hapa wanafunzi wengi hukosea, kwa sababu wamelikariri kama pacha wa clumsy.

Halafu kuna mkono wa kushoto. Gauche, linalotamkwa karibu na "goushi" ukiikata irabu ya mwisho, ni neno la Kifaransa la "kushoto", na Kiingereza hulitumia kwa mtu asiyejua kujiweka mbele za watu: anavaa visivyo, anauliza mshahara wa mwenyeji wake, anachekea pasipochekewa. Cack-handed ni la Waingereza, lina maana ya mashoto na ya asiye na ustadi kwa pamoja. Upande wa pili, dexterous na adroit, yote ya kusifia wepesi wa mikono, yametoka kwenye "kulia", moja kwa Kilatini na jingine kwa Kifaransa. Sisi tuliokua tukisikia mkono wa kuume na mkono wa kuke hatuna haja ya kueleweshwa sana. Anayeandikia watoto wa leo aliache cack-handed, kwa sababu mtoto anayetumia kushoto hana kasoro yoyote ya kutibiwa.

Sasa adabu, na hapa ndipo penye utajiri.

Boor limeingia Kiingereza karne ya 16 kutoka Kiholanzi na lugha za Kijerumani za kaskazini, ambako boer ni mkulima. Hakuna zaidi ya hapo: mtu anayelima. Kiingereza kililichukua kwa maana ya mwanakijiji, kisha mwanakijiji asiye na adabu, kisha kijiji kikaanguka njiani na kubaki ukosefu wa adabu peke yake. Neno hilohilo la Kiholanzi lilipanda meli hadi Rasi ya Tumaini Jema, likawa jina la walowezi wa Kiholanzi wa Afrika Kusini, na kutoka huko likatufikia sisi: Kaburu. Kwa kizazi cha Watanzania waliokuwa wakisikia habari za ukombozi redioni, wakati wapigania uhuru wa Afrika Kusini wakiishi na kusoma Mazimbu, Morogoro, kaburu hakuwa mkulima wala hakuwa mtu wa kula kwa kelele. Alikuwa mkandamizaji. Neno moja la "mkulima" limekuwa la kulaumu katika lugha mbili, kila moja kwa njia yake na kwa sababu yake. Sababu ya Waingereza ilikuwa dharau ya wa mjini kwa wa shamba. Yetu ilikuwa yale tuliyoyaona Makaburu wakiyafanya.

Na kuna ndugu wa tatu ambaye Waingereza wenyewe hawamtambui. Neighbour, jirani, limeundwa na vipande viwili vya Kiingereza cha kale: "karibu" na gebūr, mkaaji au mkulima. Kwa hiyo ndani ya jirani mwema kumejificha boor yule yule. Alipokaa karibu aliheshimiwa. Alipokaa mbali akawa tusi.

Njia hiyo ya shambani imepitiwa na wengi. Villain alikuwa mtumishi wa shamba la bwana, villa kwa Kilatini. Leo ni yule anayewindwa na steringi kwenye kibanda cha video, ambaye watazamaji humwita adui tu. Clown alikuwa mtu wa kijijini kabla hajapakwa rangi usoni. Bumpkin na yokel bado wako huko huko kijijini. Lakini churl ndiye mwenye historia ninayoipenda zaidi. Katika Uingereza ya kabla ya 1066, ceorl alikuwa mtu huru wa kawaida, si mtumwa, mwenye haki zake mbele ya sheria. Katika ufalme wa Wessex dia yake, yaani fidia ya kuuawa kwake, ilikuwa shilingi 200, wakati ya mkubwa ilikuwa 1,200. Baada ya Wanormani kuteka nchi, watu wa daraja lake walididimizwa, na jina likadidimia nao. Leo churlish ni mtu mwenye roho ya chuki kwa wema aliotendewa: umempa zawadi, anakuuliza kwa nini si kubwa zaidi. Shina lilelile la Kijerumani, lenye maana ya "mwanamume", ndilo lililozaa jina Charles. Na kwa heshima ya Charlemagne, yaani Charles Mkuu, mfalme wa Wafranki, Wapolandi na Warusi wamelifanya jina lake kuwa neno lao la "mfalme". Mbegu ileile imeota mfalme upande wa mashariki na mkorofi upande wa magharibi.

Kwa historia hii unaweza kudhani boor ni mshamba, na makamusi huuingia mtego huo. Mshamba wetu ni mtu asiyejua mambo ya mjini: hajui kupanda ngazi ya umeme, anashangaa maghorofa, anaambiwa amekuja mjini na mbio za mwenge. Kosa lake, kama ni kosa, ni kutojua, na miezi sita humtosha kujifunza. Huyo kwa Kiingereza ni bumpkin, yokel, na kwa Wamarekani hick. Boor anajua. Anajua kwamba hapa ni msibani na anapaza sauti ya simu. Anajua foleni ipo na anapita. Anaweza kuwa amezaliwa katikati ya London na kuvaa suti ya bei kubwa. Kiswahili kina maneno yake sahihi kabisa: mtovu wa adabu, hana staha, na lile ninaloliona zito kuliko yote, "hakufundwa". Mtu akisema fulani ni boor, kilichosemwa ni kwamba hakufundwa.

Angalia pia matamshi. Boor na bore hukaribiana sana midomoni mwa wazungumzaji wengi, wengine huyatamka sawasawa. Bore ni mtu anayechosha kwa mazungumzo yasiyo na mwisho. Wote wawili huharibu karamu, lakini mmoja unaweza kumwalika tena.

Lout na yob ni wa aina nyingine: vijana, kwa kawaida wanaume, mara nyingi kundini na pombe ikiwa imeshapanda. Kwa Kiswahili ni wahuni wa mtaani. Yob lina asili ambayo mtoto wa pwani ataitambua mara moja: ni boy lililosomwa kutoka nyuma, kutoka kwenye lugha ya siri ya wachuuzi wa London wa karne ya 19. Ni kinyume, mchezo uleule wa kugeuza maneno unaochezwa kwetu pwani ili wageni wasielewe.

Oaf ni wa mwili mkubwa. Ukisoma riwaya na neno hilo likatokea, mwone mtu pandikizi, mzito wa kuelewa, anayekanyaga miguu ya wenzake bila kugundua. Limetokana na neno la Skandinavia la viumbe kama majini madogo, elves. Watu wa zamani waliamini viumbe hao huiba mtoto mchanga na kuacha wao kitandani, kwa hiyo mtoto aliyekua tofauti na wenzake akaitwa hivyo. Oaf na lout huwahusu wanaume karibu wakati wote. Ukimwita mwanamke oaf, Mwingereza atasita kama vile umekosea ngeli.

Uncouth linastahili kusimama peke yake. Asili yake ni "asiyejulikana". Un ni ya kukanusha, na sehemu ya pili ni "anayejulikana", shina lilelile la kith katika kith and kin, jamaa na marafiki. Kwanza alikuwa mgeni tu, kisha mgeni akawa mtu asiye na adabu. Nasi tumefanya hivyohivyo. Katika karne ya 19 pwani yetu, mjinga alikuwa mtu aliyewasili karibuni kutoka bara, hasa mtumwa mpya ambaye hajajua lugha wala desturi za mji. Aliyefika jana alikuwa mjinga. Akikaa, akajua Kiswahili, neno lilimwondoka. Leo tunalitupa kwa mtu yeyote bila kukumbuka ni nani walioitwa hivyo kwanza, na walifikaje.

Kwenye kichwa, Kiingereza kina maneno mengi mno, na mengi hayahitaji kukusimamisha. Blockhead na numskull yanajieleza. Fool linatokana na follis, neno la Kilatini la mvukuto wa mhunzi: mfuko uliojaa hewa. Vijana wa Dar es Salaam wanaosema "boya" wamefika mahali palepale bila kumuuliza Mrumi yeyote. Silly lilianza likiwa "mwenye heri", likashuka hadi "asiye na hatia", kisha "wa kuhurumiwa", kisha "mpumbavu kidogo". Nice lilipanda kinyume chake, kutoka Kilatini cha "asiyejua" hadi "mzuri". Dunce ni dhuluma ya wazi. John Duns Scotus, mwanafalsafa Mfransisko aliyezaliwa Scotland karibu 1266 na kufariki Cologne 1308, alikuwa mmoja wa watu wenye akili kali zaidi wa zama zake. Wafuasi wake walipopinga elimu mpya ya karne ya 16, wapinzani wao wakaligeuza jina lake kuwa la mtoto asiyeelewa darasani. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mwenye heri 1993, lakini kofia ya karatasi yenye ncha bado inabeba jina lake.

Ndege nao wamo. Booby, ndege wa baharini aliyekuwa akitua melini na kukamatwa kwa mkono, alipewa jina la Kihispania la mpumbavu. Goose, bata bukini wetu, ni tusi la kumbembeleza mtoto: silly goose. Na drongo, tusi la Waaustralia kwa mtu asiyefaa kitu, ni jina la ndege lililotoka Madagaska, nchi ambayo wazee wetu waliiita Bukini. Farasi mmoja wa mashindano alipewa jina hilo huko Australia miaka ya 1920. Alikimbia mara 37 bila kushinda hata mara moja, na umati ukafanya lililobaki.

Lakini kuna maneno ya kichwa ambayo hayafanyi mzaha, na hapa namwomba mwandishi yeyote wa Kiswahili asimame.

Idiot kwa Wagiriki alikuwa mtu binafsi, asiyeshika wadhifa wala kushiriki mambo ya mji. Ilipofika karne ya 20, idiot na imbecile yalikuwa maneno ya ofisini. Sheria ya Uingereza ya 1913 iliyataja kama madaraja ya watu wa kutengwa. Marekani, mwaka 1910, mwanasaikolojia Henry Goddard wa Vineland, New Jersey, aliunda neno la tatu kutoka Kigiriki: moron. Vipimo vilikuwa hivi: mtu mzima mwenye umri wa akili chini ya miaka 3 ni idiot, kati ya 3 na 7 ni imbecile, kati ya 8 na 12 ni moron. Mwaka 1927 Mahakama Kuu ya Marekani iliruhusu jimbo la Virginia limkate kizazi Carrie Buck, na Jaji Oliver Wendell Holmes akaandika kwamba vizazi vitatu vya imbeciles vinatosha. Baadaye ilionekana wazi kwamba binti huyo hakuwa na ulemavu wa akili, na mwanawe alifanya vizuri shuleni. Watu zaidi ya 60,000 walikatwa kizazi Marekani chini ya sheria za namna hiyo.

Cretin limetoka milima ya Alps, kwenye lahaja ya Kifaransa ambako lilimaanisha "Mkristo": watu walikuwa wakikumbushana kwamba mgonjwa huyu naye ni binadamu. Ugonjwa wenyewe ulitokana na ukosefu wa madini joto tangu tumboni, uleule unaoleta rovu shingoni. Uswisi ilianza kuyatia kwenye chumvi 1922. Maandishi ya "chumvi yenye madini joto" kwenye pakiti zetu ni kazi hiyohiyo inayoendelea. Spastic nalo lilikuwa neno la hospitali, la mgonjwa ambaye misuli yake hukakamaa, hadi watoto wa shule Uingereza walipolichafua kiasi kwamba chama cha hisani kilichokuwa nalo kwenye jina lake kililiacha 1994 na kujiita Scope. Mwaka 2010 Marekani iliondoa retardation, "kudumaa" kwa akili, kwenye sheria zake kadhaa za shirikisho.

Sisi tuna taahira na zezeta, na yamepita njia ileile. Kwa hiyo unapotafsiri idiot la dereva aliyekasirika barabarani, usiende kwenye taahira. Leo idiot la namna hiyo ni kali lakini la kawaida. "Mpumbavu wewe" linatosha na linabeba hasira yote. Likitokea kwenye hati ya 1913, andika kwamba ni daraja la kisheria la wakati ule, kisha eleza. Moron hali kadhalika. Cretin, spastic na retard usiyatumie kwa sauti yako mwenyewe; yakitoka kinywani mwa mhusika, mwache aonekane alivyo. Silly ndilo la kuchezea: don't be silly ni "acha utani" au "usijali bwana", wakati don't be stupid huacha jeraha. Wazungumzaji wetu wengi huchanganya haya mawili kwa sababu kamusi huyapa maana moja. Butterfingers, vidole vya siagi, ni la kumtania aliyedondosha mpira, na halimuumizi mtu.

Klutz pia ni la upole, na watu hulitumia kwa nafsi zao wenyewe. Ni la Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, na maana yake ya asili ni gogo la mti. Liliingia Kiingereza cha Marekani katika karne ya 20. "He's a bit of a klutz, but he means well" ningeiandika: "Vitu havimkai mkononi, lakini roho yake nzuri." Lugha hiyohiyo imeleta pacha wawili wanaomsumbua kila mfasiri, schlemiel na schlimazel. Wayahudi wenyewe huwatofautisha kwa supu: schlemiel ndiye anayeimwaga, schlimazel ndiye anayemwagikiwa. Wa pili hana shida kwetu, ni mwenye mkosi, mwenye nuksi. Wa kwanza hatuna jina lake. Muite klutz unampunguzia, maana schlemiel huharibu pia mipango na maneno, si sahani tu. Kinachofanya kazi ni kumpa tendo na kurudia tendo hilo kila anapotokea: "yule wa kumwaga". Baada ya ukurasa wa pili msomaji ameshamjua, na anaanza kusogeza bakuli lake.